Ngozi Yangu Ilikataa Kurudia Utoto

Watu wananiita Kambo, ni kusema bibi, na wananiulizaka: "Kambo, ni kweli mujukuu wako alikukata ngozi akaipeleka Ulaya?" Ninacheka, ninawaambia ni kweli kabisa, na hakuniibia. Nilimupa mwenyewe. Nilikaa ku kitanda ya hopitali hapa Kalemie, miguu inaninginia sawa mutoto wa shule, munganga akanichoma sindano ya ganzi huku ndani ya mukono, karibu na kwapa. Nilisikia tu sawa mutu ananivuta nguo.

Nikauliza: "Njo hii tu?"

"Njo hii tu, Mama."

Kipande kidogo sawa punje ya mutama! Nikamwambia: "Kata na ingine basi. Ngozi niko nayo mingi. Angalia hii shingo, inaweza kushona watu wawili."

Munganga alicheka mupaka akaweka mukasi chini. Mujukuu wangu naye alicheka, lakini cheko yake ilikuwa fupi. Nilisikia. Macho yangu imekufa, masikio yangu iko.

Nianze ku macho basi, juu bila macho haya yote hayangekuwa.

Kazi yangu ni ndagala, hawa samaki wadogo wa ziwa. Tangu bwana yangu alikufa, asubuhi ninashuka ku ziwa, ninanunua kwa wavuvi, ninatandika ku muchanga, jua likishakausha ninachagua: ndagala huku, changarawe na vijiti kule. Niko na rafiki yangu tunakaushaka pamoja, muzee sawa mimi, mudomo wake hauna mulango. Siku moja, mbele ya wanunuzi, akapiga kelele: "Mama, siku hizi unauza ndagala ao unauza changarawe? Watu watakuja kukurudishia meno yao mu sahani!"

Nikamutukana vizuri. Lakini nilipoinama ku ungo yangu, nikaona jambo. Kando ya ungo iko. Vidole vyangu viko. Ila pale katikati, pale penyewe ninaangalia, kulikuwa doa sawa moshi. Nikahamisha macho, doa ikahama nayo. Nikamuangalia rafiki yangu. Niliona masikio yake yote mawili, niliona kitambaa cha kichwa. Sura, hapana.

Ku hopitali wakasema haiko ile ukungu ya wazee wanaondoshaka kwa kupasua. Ni kule nyuma ya jicho, mahali padogo sana penye kuonaka sura za watu na maandiko. Pale pamechoka, panakufa, na pakishakufa hapana dawa ya kupafufua. Nitabakia na pembeni. Mulango nitaona, muti nitaona, ziwa nitaona, juu ziwa ni kubwa, doa haiwezi kulimaliza. Lakini sura ya mutu, basi.

Pembeni inatosha kwa kutembea, mwenzangu. Haitoshi kwa kuangalia mutu. Na mimi kulikuwa sura moja nilikuwa ninaingojea.

Nilikuwaka na dada mukubwa. Huku kwetu tunasema yaya. Aliolewa na kijana wa kazi ya reli, kijana mupole, akamuzalia mutoto mumoja, na mu uzazi wa pili yaya akatuacha. Kichanga kikabakia, hata jino hakijaota. Mimi wakati ule nilikuwa ningali mutoto, ninasoma kwa masista, ndiyo nilikuwa nimeanza tu kujua kuandika jina langu bila kuangalia ku ubao.

Kwetu, mwanamuke akikufa akiacha nyumba, ukoo wake unatoa mwingine wa kupyana, ni kusema wa kukamata nafasi yake: jina lake, bwana yake, watoto wake. Hawataki watoto waingie mu mikono ya mugeni. Wakaniita mimi. Wakanikalisha ku mukeka. Shangazi akanipaka pemba, ule udongo mweupe, ku mikono na ku paji la uso. Akanivalisha ushanga wa yaya, akanifunga kitenge chake, kingali na harufu yake ya moshi na mawese. Akasema: "Tangu leo wewe si wewe. Wewe ni yeye. Mama wa watoto, simama."

Nikasimama.

Kesho yake, wenzangu walikuwa wanacheza nzango pale inje, ule muchezo wa kuruka na kupiga makofi. Nikatoka mbio na mimi, nimesahau. Wakanyamaza wote. Rafiki yangu wa karibu, yule tulikuwa tunagawana hata muhogo wa kuchoma, akakunja magoti kidogo, akasema: "Jambo, Mama."

Hakunicheka. Aliniheshimu. Njo kitu kiliniuma mupaka leo.

Siseme niliteseka. Bwana yangu alikuwa mutu muzuri, alingoja nikomae. Nikaongeza watoto wengine, nikawalea wote sawasawa. Lakini ku shule sikurudi, na ku nzango sikurudi.

Kile kichanga cha yaya kikakua, kikaoa, kikazaa binti, njo huyu mujukuu wangu. Nikampa yule binti jina la yaya, na tangu anazaliwa ninamuita Yaya. Naye akitaka kunichokoza ananiita: "Wewe mudogo wangu, niletee maji." Ninakimbia kumuletea! Watu wanacheka, muzee anatumwa na mutoto. Na sura yake, eh! Wazee wenye walijuaka yaya walikuwa wanasimama barabarani wanashika midomo. Tulikuwaka na foto moja tu ya yaya, nilikuwa nimeibandika ku ukuta. Ziwa lilipopanda likaingia mu manyumba, foto ikalowana, sura ikayeyuka, ikabakia kitenge na miguu. Nikajiambia: si kitu, foto ingine inatembea.

Mutoto alikuwa na akili. Akaenda kusoma Lubumbashi, kisha wakamupeleka Ulaya mu laboratwari. Aliondoka na mashavu ya kitoto. Nikangoja. Nikajua atarudi mutu mukubwa, na hapo nitamuona yaya vile alikuwaka siku ya mwisho, akigeuza bugali na kunigombeza juu ya kuni za maji.

Alirudi kwa konje, likizo ya kazi. Pale ku uwanja wa ndege alinikumbatia, na watu wa ukoo wakapiga kelele: "Yoo! Marehemu amerudi! Ni yeye kabisa, ni yeye!" Kila mutu alimuona yaya. Mimi niliona hereni.

Nikacheka na wengine. Lakini kesho yake ananiletea chai, nikamushika mashavu, nikaanza kutembeza vidole ku pua yake. Akaelewa. Akakaa chini.

"Kambo, tangu lini?"

"Tangu changarawe."

Akalia. Mimi nikamwambia: "Nyamaza, Yaya. Niambie kazi yako kule Ulaya ni gani. Baba yako anasema unachunga vidudu mu frigo."

"Haviko vidudu, Kambo. Ni selile za watu. Ninajaribu kuzirudisha utoto."

Hapo nikaweka kikombe chini.

Akanieleza. Mwili wote umejengwa na selile, vitu vidogo, jicho halivioni, hata jicho zima. Mutu akianza mu tumbo la mama yake, zote zinafanana, ni watoto, kila moja inaweza kuwa kitu chochote. Kisha kila moja inakamata kazi. Hii inakuwa mufupa, hii damu, hii ngozi. Na yenye ilishakuwa ngozi ni ngozi mupaka kufa.

"Na zile kazi zingine? Imezisahau?"

"Haijasahau. Iko nazo zote ndani, hata mafundisho ya kuwa jicho iko nayo." Akavuta valizi yangu chini ya kitanda, akatosha vitenge vyangu vyote. Akanifunga kimoja. Vingine akavikunja, akavifunga kamba moja moja, kamba nguvu, akavirudisha chini kabisa, akabana kifuniko. "Ona. Hiki cha mwilini njo ngozi inavaa kila siku. Vile vya ndani ni vyake pia, lakini vimekunjwa, vimefungwa, vimewekwa alama ya kusema usiguse. Mimi ninatia dawa ndani ya selile, aina ine, kazi yake ni kufungua zile kamba. Ikifunguka yote, selile inakuwa mutoto tena. Halafu ndiyo tunaweza kuifundisha kazi mupya. Hata kazi ya jicho."

"Sasa, si uifungue?"

"Inakataa, Kambo. Kamba zimekaza. Selile ya mutu mukubwa imezoea kuwa vile iko. Mu selile nyingi sana, moja moja tu njo inakubali. Za wazee zinakuwaka ngumu zaidi, zimechoka. Na tena kuna askari."

"Askari wa nani?"

"Kuna kitu ndani ya selile kinachungaka, mimi ninaita askari. Akiona mizigo inafunguliwa mbio mbio, anazani ni kansere inaingia. Anaambia selile: simama. Ao anaiambia: kufa."

"Mumufukuze!"

"Wengine walijaribu. Ukimuondosha, selile zinarudi utoto haraka, lakini kansere nayo inapata njia. Ni askari muzuri. Anatukatalia juu anatulinda."

Nikamufikiri shangazi yangu na pemba yake, anawalinda watoto wa yaya. Sikumwambia mujukuu. Nilimwambia tu: "Chukua ngozi yangu."

Akakataa. Nikasema chukua. Akasema hii haiko dawa, ni kazi ya kutafuta, wenyewe hawajafika. Akasema hata ikikubali, toka pale mupaka ku jicho la mutu ni njia ya miaka, na iko na sheria zake na waganga wake, na yeye haiko munganga wa macho. "Kambo, nikichukua, ninachukua kwa kujifunza. Usiweke macho yako mule ndani. Unanisikia?"

"Ninakusikia."

Nilisikia, ndiyo. Sikio lilisikia. Lakini roho yangu ilikuwa imeshafika mbali, juu mimi nilikuwa na hesabu yangu, na hiyo hesabu sikuiona mubaya hata kidogo. Nilijiambia: zile selile za wazee wengine zinakataa juu hazijazoea. Mimi nilishapyanishwa. Nilikaa ku mukeka mutoto, nikasimama mama wa watu. Ngozi hii imeshaonja kugeuzwa, inajua njia. Walinigeuza kwenda mbele, sasa itashindwa nini kugeuka nyuma?

Rafiki yangu wa ndagala nilipomueleza, akapiga makofi: "Ni kweli! Wewe utageuka mbio kuliko wote! Lakini sikia, ukirudi mutoto, mimi sikubebe ku mugongo. Kiuno changu mubaya."

"Utanibeba. Na biberon ya kunyonya maziwa utaninunulia."

"Biberon gani, na mudomo wako huu! Utaimeza yote!"

Siku ya safari, kile kipande kilikuwa kimefungwa mu chupa kidogo, chupa mu glasiere, sanduku la barafu. Mujukuu anaichunga sawa mayai. Rafiki yangu akafika na pemba mu kitambaa. Hakuuliza mutu. Akalowesha kidole, akaanza kupaka kifuniko cha glasiere.

"Kifuniko tu, Mama!" mujukuu akapiga kelele. "Kifuniko tu! Musifungue, nakuomba!"

"Nani anafungua? Nyamaza, tunakusaidia kazi." Akapaka mustari, akapaka mwingine. Akasema kwa sauti ya wazee: "Wewe ngozi ya rafiki yangu! Tangu leo wewe si wewe! Tangu leo wewe ni mutoto!"

Tulicheka, hata mujukuu alicheka mupaka akafuta macho.  Lakini yale maneno mimi sikuyasikia tena tangu shangazi.

Akaenda na glasiere yake yenye pemba. Akanisimulia kisha, kule walimuuliza hii rangi ni ya nini, akajibu ni familia.

Nikaanza kungoja. Kila akipiga telefone swali langu ni lile lile: "Mutoto wangu anaendelea je?" Yaani mimi mwenyewe! Anasema: "Wanakula vizuri, Kambo, wanaongezeka, lakini wangali ngozi." Kisha akasema ameanza kuwatia ile dawa ya kufungua kamba. Hapo nilikuwa ninaamka asubuhi, mbele ya kuomba Mungu ninaangalia kwanza mulango, mulango wote, niangalie kama katikati yake imerudi. Ninajua nilikuwa ninafanya upumbafu. Jicho langu liko Kalemie, ngozi iko Ulaya, moja haiwezi kuponya ingine kwa njia ya telefone. Lakini niliangalia.

Alipiga siku moja jua liko juu, tuko ku muchanga, ndagala imetandikwa. Rafiki yangu akashika telefone mbele yangu, ile ya kuonana. Mimi niliona mwangaza na moshi katikati.

"Kambo."

Nilijua kwa ile "Kambo" moja.

"Sema tu, Yaya."

"Zimekataa."

Akasema nyingi zilibakia ngozi tu, hata hazikutikisika. Zingine zilianza kulegea, kamba moja moja zikafunguka, halafu askari akazisimamisha. Na kidogo, kidogo sana, zilifika nusu ya njia. Haziko ngozi tena, haziko mutoto. Zilikaa vile, zikafa mu sahani yake.

"Na za wazee wengine, zinakubali?"

 Angeweza kunidanganya, sikuwa na macho ya kuhakikisha.

"Kuna wenye zinakubali, Kambo. Hata wazee kukupita. Zako hazikukubali. Sijui ni kamba gani. Njo ninatafuta."

"Hata na pemba?"

"Hata na pemba."

Rafiki yangu akasema polepole: "Labda nilipaka kidogo." Hapana mutu alicheka.

Nikauliza kama amezitupa. Akasema zingine ziko mu frigo, baridi kali kabisa, zimelala, zingali ngozi. Atajaribu tena siku ingine, kwa njia ingine. "Lakini macho yako haitangoja, Kambo. Nilikuambia mbele. Nilikuambia, sivyo?"

"Uliniambia."

Uliniambia, mwanangu. Ni mimi nilikuwa ninajisifu na kugeuzwa kwangu. Nilizani ile siku ya mukeka nilifunguliwa yote nikafungwa upya. Kumbe pemba ilikuwa ya juu tu. Yule wa nzango hakuenda popote. Walimukunja, wakamufunga kamba, wakamuweka chini kabisa ya valizi, wakabana. Mimi miaka hii yote ninatembea na kitenge cha yaya juu, na yeye yuko mule, anajua michezo yake yote, anajua na kuandika jina lake, hana mutu wa kumufungua. Hata mujukuu wangu na laboratwari yake hakumufikia. Na simulaumu shangazi. Watoto wa yaya walikula, walikua, mumoja wao njo alizaa huyu analia mu telefone. Lakini ninasikitika. Nisiposema ninasikitika, nitakuwa ninawadanganya.

"Nilitaka umuone," mujukuu akasema. "Watu wote wanasema ninafanana naye. Nilitaka na wewe uone."

Analia. Sauti yake nayo, sijui kama ni ya yaya. Sauti niliisahau zamani. Nilikuwa nimebakiza sura.

Nikamwambia rafiki yangu: "Peleka hii telefone kando. Huku, ku mukono wa kushoto. Ingine kidogo. Simama hapo."

"Sasa unaangalia wapi wewe? Mutoto yuko huku, macho yako yako ku pirogi!"

"Acha. Njo vile ninaonaka."

Nikakaza macho ku pirogi, ile mitumbwi ya wavuvi, na kule pembeni, mutu akaanza kutoka polepole. Mwangaza. Nywele zimefungwa nyuma. Sikio. Nikigeuka tu kumukamata vizuri, moshi inamumeza. Nikarudisha macho ku pirogi, akarudi.

"Unaona, Kambo? Unaona kitu?"

"Ninaona hereni. Ninaona na sikio. Na kipande ya shavu, kidogo."

"Inatosha?"

Nilitaka kusema ndiyo, juu alikuwa amelia mingi. Lakini yeye hakunidanganya.

"Haitoshi, Yaya," nikamwambia. "Lakini usizime."